Ngazi Kwanza, Kuta Baadaye

Mji wa Mbarara unakua kwenda juu. Mtu aliyeuona baada ya vita vya mwaka 1979, majengo yake mengi yakiwa magofu, hawezi kuutambua leo. Tangu ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, kila mwenye kiwanja amezidi kuelewa kwamba ardhi haizai ardhi nyingine, na kwamba asiyeweza kujitanua kwenda pembeni hana budi kujitanua kwenda juu. Ndiyo maana katika vilima vya Kamukuzi, Ruharo na Nyamitanga, na katika bonde la mto Rwizi linaloviunganisha, nyumba ya ghorofa moja, yaani yenye vyumba chini na vyumba juu, si jambo la ajabu tena.

Miongoni mwa wajenzi hao wamo askari. Wapo wapiganaji waliopitia Makenke, makao makuu ya Divisheni ya Pili, wakayapenda mazingira ya Ankole na kununua kiwanja. Wapo askari polisi wanaokatwa mshahara kila mwezi katika chama chao cha akiba na mikopo cha Exodus, kama wenzao wa jeshi wanavyokatwa katika Wazalendo. Tena wapo waliojiwekea akiba huko Somalia, ambako Waganda walikuwa wa kwanza kutua mwezi Machi 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Fedha hizo ni jasho, na kwa wengine ni damu. Askari huzipata mara moja katika maisha yake, naye hujenga mara moja.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya nyumba hiyo, sehemu ambayo kwa kawaida hufikiriwa mwisho, nayo ni ngazi. Mwenye nyumba huhesabu vyumba vya kulala, hupima sebule, huchagua rangi ya mabati, kisha humwambia fundi: "Ngazi utaitafutia mahali." Kauli hiyo fupi imeharibu nyumba nyingi nzuri. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba ngazi hutangulia, kuta hufuata. Na kwamba anayepanga ngazi hana budi kuwafikiria wenye miguu dhaifu nyumbani mwake kabla ya kujifikiria yeye mwenyewe.

NGAZI HAINA PA KUHAMIA

Ukuta uliokosewa huweza kubomolewa ukajengwa upya kwa wiki moja. Mlango huweza kuzibwa. Dirisha huweza kupanuliwa. Lakini ngazi ya zege ni kitu cha namna nyingine kabisa. Kwanza, hukaa katika sakafu mbili kwa wakati mmoja: unapoichora chini, umekwisha kuichora juu pia, upende usipende. Pili, huhitaji tundu katika sakafu ya juu, na tundu hilo haliwezi kuongezwa baadaye bila kukata nondo zinazoibeba sakafu yenyewe. Tatu, uzito wake huteremka hadi kwenye msingi, kwa hiyo msingi lazima ujue mapema ngazi itaanzia wapi.

Tuchukue mfano. Tuseme yupo sajini mmoja aliye kazini ng'ambo, naye amemwachia mdogo wake usimamizi. Ramani haikuonyesha ngazi kwa vipimo. Siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu, fundi anakisia kwa macho, anaacha tundu la mita 2 na nusu kwa mita 1, na kazi inaendelea. Miezi miwili baadaye inatafutwa ngazi ya kuingia katika tundu hilo. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3. Haiwezekani ila kwa vidato 13, kila kimoja chenye kimo cha sentimita 23 na nafasi ya sentimita 20 tu ya kuweka wayo. Hiyo si ngazi ya nyumba. Ni ngazi ya kupandia mnara wa ulinzi. Kijana mwenye mafunzo ataipanda akikimbia. Mama yake sajini hataipanda kabisa, na mtoto mdogo ataishuka kwa kichwa.

Hakuna aliyeiba saruji hapo, wala fundi hakuwa mlevi. Kilichokosekana ni hesabu ya nusu saa iliyopaswa kufanywa kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo.

HESABU YA HATUA

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila kidato kina vipimo viwili: kimo, yaani urefu wa kupanda kutoka kidato kimoja hadi kingine, na kina, yaani nafasi ya kukanyagia kutoka ukingo wa kidato kimoja hadi ukingo wa kinachofuata. Katika nyumba ya familia, kimo kizuri ni kati ya sentimita 15 na 18, na kina kizuri ni kati ya sentimita 25 na 30.

Lakini vipimo hivyo viwili havichaguliwi kila kimoja peke yake. Mfaransa François Blondel, katika mafunzo yake ya usanifu yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1675, alieleza kwamba ngazi hufuata hatua ya binadamu, na kwamba kuinua mguu juu humchosha mtu maradufu kuliko kuupeleka mbele. Kutokana na fikra hiyo wajenzi wanatumia kanuni hii hadi leo: kimo mara mbili, jumlisha kina, jibu liwe kati ya sentimita 60 na 64 hivi. Askari hawezi kushangazwa na kanuni ya namna hiyo. Hatua ya gwaride tuliyoirithi tangu siku za KAR ni inchi 30, yaani kama sentimita 76, na kila mmoja wetu anajua jinsi kikosi kinavyovurugika pale mtu mmoja anapopiga hatua yake mwenyewe. Ngazi nayo ni gwaride: vidato vyote sharti viwe sawa.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba ya mfano wetu. Sakafu hadi dari ni sentimita 285, na unene wa zege la sakafu ya juu ni sentimita 15. Jumla ni sentimita 300. Gawanya kwa 18, kila kidato kinapata kimo cha sentimita 16.7. Chukua kina cha sentimita 28. Kimo mara mbili ni 33.4, ongeza 28, unapata 61.4. Hesabu imekubali.

Kumbuka pia kwamba kupanda mara 18 hakuhitaji nafasi 18 za kukanyagia bali 17, kwa sababu hatua ya mwisho hutua juu ya sakafu yenyewe. Kwa hiyo ngazi iliyonyooka itachukua 17 mara 28, yaani sentimita 476. Ongeza mita 1 ya kuanzia chini na mita 1 ya kutulia juu, utahitaji karibu mita 6 na robo tatu. Hapo ndipo mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 huanza kuelewa kwamba ngazi si kitu cha kutafutiwa mahali.

Jambo jingine ni kichwa. Kutoka ukingo wa kidato chochote kwenda juu, kusiwe na kizuizi chini ya mita 2. Katika nyumba yetu, mtu akisimama juu ya kidato cha tano amekwisha kupanda sentimita 83, na dari iko sentimita 202 juu ya miguu yake; anapita salama. Akifika kidato cha sita zimebaki sentimita 185, na mtu mrefu atagonga paji la uso. Maana yake ni kwamba zege la juu linaweza kufunika vidato vitano vya kwanza tu. Kuanzia hapo ni lazima pawe tundu. Mtu asiyeifanya hesabu hii huigundua kwa uvimbe.

Hatimaye kuna hila ya vigae. Fundi hupima vidato vyote sawasawa juu ya zege tupu. Kisha sakafu ya chini huwekwa saruji na vigae vyenye unene wa sentimita 4, na ya juu vivyo hivyo, lakini vidato vyenyewe huachwa kama vilivyo. Matokeo ni kwamba kidato cha kwanza kinabaki na kimo cha sentimita 12.7 na cha mwisho kinapanda hadi 20.7. Mguu wa binadamu hukariri kimo baada ya hatua mbili tu, na baada ya hapo hautazami tena. Tofauti ya sentimita 4 ni mtego uliotegwa ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuamua tangu mwanzo sakafu zitavikwa nini na vidato vitavikwa nini, na kupima kwa unene wa mwisho.

MAUMBO MANNE

Ngazi za nyumba zetu huwa na maumbo manne. La kwanza ni ngazi iliyonyooka. Ni rahisi kujenga na rahisi kupandishia kitanda au kabati, lakini hula urefu, na anayeteleza juu hasimami hadi chini.

La pili ni ngazi yenye kona moja, inayofuata kuta mbili za chumba. Hukaa vizuri pembeni mwa sebule, na kituo chake cha katikati, yaani kile kisakafu kidogo cha kugeukia, humpa mzee mahali pa kupumua. Ni makosa kukiondoa kituo hicho na kuweka vidato vya pembe tatu ili kuokoa nafasi. Kidato cha namna hiyo upande mmoja ni kipana na upande wa pili ni chembamba kama kisu, na hapo ndipo mtu anayeshuka gizani hukosea.

La tatu ni ngazi inayogeuka na kurudi ilikotoka, ikiwa na kituo katikati. Kwa familia ya kawaida hii ndiyo bora. Katika mfano wetu itagawanyika mara mbili, vimo 9 kila upande, na kila upande utahitaji nafasi 8 za kukanyagia, yaani sentimita 224. Ongeza kituo cha mita 1, unapata sentimita 324. Na ukiweka mita 1 nyingine ya kuingilia, jumla ni sentimita 424. Upana, ikiwa kila upande ni mita 1 na katikati pana pengo la sentimita 10, ni sentimita 210. Basi jambo lote linamalizika ndani ya chumba cha mita 2.1 kwa mita 4 na robo. Tahadhari ni moja: chini ya kituo pana kimo cha sentimita 135 hivi tu, kwa hiyo hapo patafaa stoo, wala hapafai mlango wala njia ya kupita.

La nne ni ngazi ya kuzunguka nguzo. Hupendeza machoni na huchukua nafasi ndogo, lakini haipitishi kitanda, haipitishi machela, wala watu wawili hawapishani. Ikae kwenye bustani au kwenye tangi la maji. Isiwe njia pekee ya kufikia vyumba vya watoto.

IPITE WAPI?

Baada ya umbo huja mahali. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili karne nyingi kabla yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupokewa kwanza katika daka, nje ya mlango. Na nyumba iliyokuwa na sabule, chumba cha wageni cha juu, ilikuwa na ngazi yake inayopanda kutoka kwenye lango, mgeni akapanda na kushuka bila kukatiza ua wala kuwapitia wenyeji katika vyumba vyao. Ngazi ndiyo iliyolinda heshima ya nyumba. Hatuna haja ya kuiga wima wa ngazi zile za zamani, lakini fikra yake inafaa Mbarara kama ilivyofaa Lamu.

Basi mwenye nyumba ajiulize: anayetoka mlangoni kwenda juu atampita nani? Ngazi isipite ndani ya chumba cha kulala. Isianze jikoni, kwa maana moto wa mkaa au wa gesi ukishika, tundu la ngazi hugeuka kuwa bomba la moshi, na walio juu hawana njia nyingine. Jiko liwe na mlango wake unaofungwa. Vilevile wengi wetu, kwa mazoea ya ulinzi, huweka geti la chuma kichwani mwa ngazi na kulifunga usiku. Ulinzi ni jambo jema, lakini geti lisilofunguka upesi kutoka ndani ni gereza siku ya moto. Ufunguo wake ukae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu wa nyumba, hata mtoto.

Mwanga nao usisahauliwe. Dirisha moja kwenye ukuta wa kituo huangaza vidato vyote mchana kutwa bila gharama. Kwa usiku, taa ya ngazi iwe na swichi mbili, moja chini na moja juu, ili mtu asilazimike kupanda gizani kwenda kuiwasha.

Anayekusudia kupangisha ghorofa ya juu au ya chini, jambo la kawaida katika mji wenye chuo kikuu tangu mwaka 1989, huenda akapendelea ngazi ya nje. Mpangaji apate mlango wake, na familia ibaki na faragha yake. Lakini ngazi ya nje iezekwe, kwa kuwa Mbarara hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na vidato vyake viinamishwe kidogo sana kwenda mbele ili maji yasituame. Vigae laini vya kung'aa visikaribie hapo.

Na mwenye kiwanja cha mteremko asikilaumu kilima chake. Mara nyingine barabara hupita upande wa juu, na nyumba huweza kuingiliwa moja kwa moja katika ghorofa ya juu, ngazi ikabaki kwa ajili ya kushukia vyumba vya chini. Kilima kilichotazamwa vizuri hukupunguzia vidato.

HATA NYUMBA YA CHINI INA NGAZI

Huenda askari mmoja akasema kwamba habari hizi ni za wenye ghorofa, nazo hazimhusu. La hasha. Walinzi wa usalama wanaohudumu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, wanaona kila siku nyumba za udongo zisizo na ghorofa. Makazi hayo, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo yana Wakongo, Wasomali, Warundi na wengineo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Nyumba ya huko nayo, ikiwa imejengwa kwa busara, huinuliwa juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie. Na nyumba iliyoinuliwa ina vidato viwili au vitatu mlangoni, na pengine kimoja kwenye choo.

Vidato hivyo vichache vina kanuni ileile: viwe sawa, viwe vipana, visiyumbe. Jiwe lililotupwa mbele ya mlango si kidato. Na kama nyumbani yupo mtu anayetembelea kiti cha magurudumu au magongo, mahali pa vidato pawekwe mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Msingi wa sentimita 30 utahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ni udongo ulioshindiliwa na kokoto kidogo. Gharama yake ni nguvu za jioni mbili tatu.

MIGUU YA NANI?

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Askari hupanga nyumba akiwa na miaka 30 au 35, mwenye afya, aliyezoea kupanda milima na mzigo mgongoni. Huipima ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Lakini nyumba itasimama miaka 50. Katika miaka hiyo mama yake atakuja kukaa naye akiwa na maumivu ya magoti. Mkewe atapanda akiwa mjamzito, na nguo za kufua mikononi. Watoto watajifunza kutambaa karibu na kidato cha juu. Naye mwenyewe, tuseme kweli bila kuogopa, huenda akarudi kutoka kazini na mguu mmoja usiokunjika. Hiyo ni kazi tuliyoichagua, na si aibu kuifikiria katika ramani.

Kwa hiyo yapo mambo manne ambayo hayafai kukatwa kwa ajili ya kubana matumizi. Kwanza, sakafu ya chini iwe na chumba kimoja cha kulala, na choo na bafu karibu yake, ili asiyeweza kupanda asifukuzwe na nyumba yake mwenyewe. Pili, pawe na mhimili wa kushikia mkono kutoka kidato cha kwanza hadi cha mwisho bila kukatika, kwenye kimo cha sentimita 90 hivi. Tatu, nondo za kizuizi zisimame wima, na nafasi kati yake isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipenye. Nondo za kulala humfundisha mtoto kupanda na kuruka. Nne, upana wa ngazi usipungue sentimita 90, na ukiwa mita 1 ni bora zaidi, kwa sababu iko siku mgonjwa atateremshwa akiwa amebebwa.

ZEGE NA NONDO

Ngazi nyingi za kwetu ni za zege linalomwagwa papo hapo. Ukubwa wa nondo na nafasi kati yake vitolewe na mhandisi, visikisiwe. Hata hivyo mwenye nyumba aweza kuyakagua mambo kadhaa kwa macho yake. Nondo kuu hufuata mteremko wa ngazi na hukaa upande wa chini wa zege, zikiwa zimeinuliwa kidogo ili zisiguse mbao. Pale ngazi inapokutana na kituo pana kona ya ndani. Nondo zisikunjwe kuifuata kona hiyo, bali zipishane na kila moja iendelee hadi ndani ya zege la upande wa pili. Nondo iliyokunjwa katika kona ya ndani, ikivutwa na uzito, hutaka kunyooka, na ikinyooka hulipasua zege.

Zege likishamwagwa linyweshwe maji kila siku kwa muda wa siku 7 au zaidi, na nguzo za kulishikilia zisiondolewe kabla ya mhandisi kuruhusu. Kwa kawaida ni wiki 2 hadi 3. Haraka haraka haina baraka, na katika ngazi haina hata huruma. Tukumbuke pia kwamba tunaishi jirani na Bonde la Ufa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye nguvu ya 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Isingiro, likaua watu zaidi ya kumi na kubomoa nyumba nyingi katika eneo la Bukoba. Nyumba inapotikisika, ngazi ndiyo njia ya kutokea. Haifai iwe ya kwanza kuanguka.

Yupo pia mwenye fedha za nyumba ya chini tu kwa sasa, ambaye anatumaini kuongeza ghorofa baadaye. Huyo naye apange ngazi leo. Achukue chumba cha mita 2.1 kwa mita 4 na robo, akitumie kama stoo, na ngazi ikae humo siku itakapowadia. Lakini ajue kwamba stoo peke yake haitoshi: msingi na nguzo lazima vipimwe tangu sasa kwa uzito wa ghorofa inayokuja. Msingi wa nyumba ya chini haubebi ghorofa kwa matumaini.

UKAGUZI WA MTU ALIYE MBALI

Tatizo la askari ni kwamba hujenga kwa simu. Fedha hutumwa, picha hurudishwa, na picha huonyesha ukuta uliopakwa rangi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka jengo liwe na kibali, na kibali hutolewa kwa ramani. Hiyo si karatasi ya kumsumbua mwananchi. Ni silaha ya mwenye nyumba asiyekuwapo. Ramani ionyeshe ngazi ikiwa imekatwa ubavuni, kila kimo na kila kina vikiwa vimeandikwa. Nakala moja akae nayo msimamizi, moja fundi, na moja mwenye nyumba ndani ya mkoba wake popote alipo.

Kisha aweke vizuizi vitatu vya ukaguzi, na malipo yafuate vizuizi hivyo. Cha kwanza ni kabla ya zege la msingi: apate picha ya mahali ngazi itakapoanzia, utepe wa kupimia ukionekana. Cha pili ni kabla ya zege la sakafu ya juu: apate picha ya tundu, urefu na upana wake ukisomeka kwenye utepe. Cha tatu ni mbao za ngazi zikiwa tayari na nondo zikiwa zimefungwa, lakini zege bado: apate picha ya kimo cha kidato cha kwanza, cha katikati na cha mwisho. Vipimo vikipishana na ramani, fedha isimame na kazi isimame. Kaka au shemeji anayesimamia asione kwamba hakuaminiwa. Amri iliyoandikwa humlinda hata yeye.

Kila askari aliyepitia mafunzo anakumbuka jinsi ardhi inavyochorwa katika mchanga kabla ya operesheni, vijiti vikawa miti na uzi ukawa mto, ili kila mtu aone njia kabla ya kuitembea. Nyumba nayo ifanyiwe hivyo. Siku ya kupanda vigingi, ngazi ichorwe chini kwa chokaa, ukubwa wake kamili. Pembeni yapangwe matofali yafanye vidato vitatu vya kimo kilekile kilichoandikwa katika ramani. Kisha aitwe mama mzee wa nyumba hiyo, apande na kushuka mbele ya fundi. Akipanda bila kutafuta bega la kushikilia, msingi uchimbwe. Akisita, ramani irudi mezani, vimo vipunguzwe na nafasi iongezwe, hata kama sebule itapoteza mita moja. Mita ya sebule hakuna atakayeikumbuka, bali ngazi itapandwa kila siku.